Koti ya Président na Mashine Isiyokosea

Uvumi ulimukuta Evodie kwanza ku soko, halafu ku kanisa, na kila pahali ulikuwa umenenepa kidogo. Kopeki itafunga dirisha lake la kulipia. Pesa zote zitaingia ndani ya telefone, na pesa ikisha kuingia mule haitoki mpaka mashine ikujue.

"Nani amekuambia?" aliuliza.

"Watu."

Evodie alijaribu kuusahau, akashindwa. Kopeki ile ilikuwa chama cha kuweka na kukopa cha wanawake wauza ndakala, samaki wadogo wa ziwa, wa Kalemie, na ndani yake mulikuwa franka elfu themanini za mutihani wa mwisho wa binti yake, Daniella. Shule ilikuwa inapokea mpaka Ijumaa saa sita. Ukipita saa hiyo, mutoto anangoja mwaka muzima. Mama mwenye pesa kama hizo haulizi uvumi ni wa kweli ao wa uongo. Analala nao, anaamuka nao.

Jumapili Papa Apollinaire, président wa kopeki, alimutuliza. Alisimama mbele ya wanachama wote na kutangaza:

"Wapendwa wanachama! Kuanzia leo foleni imekufa. Kitabu kimekufa. Saini imekufa. Tumeingia ndani ya malipo ya kisasa. Sura yako njo saini yako!"

Watu walipiga makofi sana, kwa sababu soda zilikuwa zimefika na zilikuwa baridi.

Kazi ya kupiga picha za sura ilipewa Komite ya Heshima ya Picha. Komite ilikaa mara tatu. Iliona, kwa masikitiko, kwamba wanachama wengi wanakuja na blauzi zenye magamba ya samaki, na haifai mashine ya kisasa kuangalia vitu kama hivyo. Iliamua kila mwanachama apigwe picha akiwa amevaa koti. Wanachama hawakuwa na koti. Papa Apollinaire, kwa moyo wa kujitolea, akatoa ya kwake: nyeusi, yenye vifungo vine vya rangi ya dhahabu. Yeye alipigwa picha wa kwanza, halafu koti ikapita mugongo kwa mugongo.

Hakuna aliyeshangaa. Ku kila studio ya picha ya muji, koti moja inaning'inia ku musumari, na kila muntu anaivaa dakika mbili kwa picha ya kitambulisho. Hata marehemu wengi wa Kalemie wako ukutani ndani ya koti moja.

"Mama Daniella, umefanana na député," alisema Maimouna, jirani yake wa meza ku soko.

"Na wewe umefanana na mwanaume mwenye madeni. Vua, wengine wanangoja."

Jumatano Evodie alienda ku biro. Dirisha lilikuwa limezibwa na matofali. Sabrina, mwenye kulipa watu tangu miaka minane, alikuwa amekaa mbele ya matofali hayo na telefone mukononi. Kazi yake sasa iliitwa Mwongozi wa Sura. Alielekeza telefone kwa Evodie. Telefone ikafikiri.

"Inasema hakuna muntu kama huyu," alisema Sabrina.

"Njo mimi, Sabrina! Jana umenunua ndakala kwangu."

"Mimi ninakujua, Mama. Mashine njo haikujui."

"Basi uiambie."

"Haipokei shauri."

Sabrina aliitazama picha ya Jumapili, akamutazama Evodie, akaitazama tena picha. Tofauti ilikuwa moja tu.

"Mama, koti iko wapi?"

Komite ilishughulikia jambo hilo siku ileile, kwa haraka ya kusifiwa. Ilianzisha Huduma ya Koti. Mwanachama anaandika barua ya maombi, anapewa namba, anavaa koti kwa dakika tano, na ni marufuku kutokwa na jasho. Wanawake wakajipanga kutoka mulango wa biro mpaka karibu na reli. Ku ukuta kukabandikwa tangazo kueleza kwamba ile si foleni, ni Mupangilio wa Kungojea Vazi.

Alhamisi Evodie alisimama tangu asubuhi na namba moja. Saa ya kuita namba ilipofika, koti ikaondoka. Papa Apollinaire alikuwa na kilio cha rafiki yake, na hawezi kwenda kulia bila koti.

"Mama, tumelipa?" Daniella alimuuliza jioni.

"Tunavalishwa bado," alijibu Evodie.

Ijumaa koti ilifika saa tano, ikinuka jasho la kilio na ndakala za Jumapili. Evodie akaivaa. Mikono yake ikapotea ndani ya mikono mirefu. Sabrina akainua telefone, na telefone ikalia kwa furaha.

"Karibu, Bwana Président," Sabrina alisoma.

Evodie alirudi nyuma hatua moja. "Huyu si mimi. Imesalimia koti."

"Mama, kanuni ya saba: mashine haikosei. Kuipinga ni marufuku. Papa Apollinaire mwenyewe njo alisaini."

"Lakini pesa inatoka kwa nani?"

"Inatoka kwa sura."

"Wee Mama Daniella!" Maimouna alipiga kelele kutoka nyuma. "Utabishana na mashine mpaka saa sita ipige? Mutoto anangoja!"

Evodie aliangalia saa ya ukutani. "Unipe elfu themanini tu. Hata franka moja isizidi. Na uandike jina langu ku karatasi."

"Karatasi imekufa, Mama."

"Basi andika ku mukono wako!"

Sabrina akaandika ku mukono. Evodie alikimbia, kitambaa cha kichwa kikianguka, akafika shuleni zikiwa zimebaki dakika saba. Alipopata risiti alikaa chini ku ngazi, akalia kidogo. Nyuma yake, ku biro, wanawake thelathini na mmoja walivaa koti, wakapokewa na heshima ileile, wakalipwa.

Jumatatu Papa Apollinaire alikuja kuchukua pesa za mabati ya nyumba yake mupya. Koti ilikuwa imefuliwa, haijakauka.

"Hakuna muntu kama huyu," alisema Sabrina.

"Sabrina! Ni mimi!"

"Mimi ninakujua, Papa."

Alileta koti ikidondoka maji, akaivaa. Telefone ikamusalimia vizuri na kumuambia kwamba alikuwa amebakiza franka mia mbili. Alipaza sauti mpaka wauza mikate wakaingia. Komite ikakaa mara moja. Ilifungua mashine na kuona kwamba Bwana Président alikuja mwenyewe Ijumaa, mara thelathini na mbili, na kila mara sura ilikubaliwa.

Evodie alikuja kusema kweli. "Papa, mimi nilichukua elfu themanini. Toeni ndani ya jina langu, murudishe kwake."

Komite ilimushukuru kwa uaminifu, ikakataa. Kutoa ndani ya jina lake kulihitaji sura yake, na mashine haikuwa na muntu kama huyo. Président akaombwa aandike barua ya maombi ya kurudishiwa pesa zake. Akapewa namba mia moja na nne.

Mpaka leo anajipanga pale, koti ku bega, kati ya wauza ndakala, na hakuna anayemuita Président. Wanamuita Mia na Nne.

Wewe mama mwenye mutoto wa kusomesha, epuka haya:

Kupigwa picha na nguo isiyo yako.

Kupiga makofi kabla ya kusoma kanuni, hata soda ikiwa baridi.

Kuweka pesa yote ya mutoto pahali pamoja.

Kungoja siku ya mwisho ya kulipa shule.

Kukubali dirisha lizibwe, kama hujaonyeshwa lingine.

Kuondoka bila karatasi. Wakikuambia karatasi imekufa, toa daftari yako, na kalamu yako, uandikiwe humo.