Mwonjaji wa Biri na Suti ya Bwana Harusi

Asali aliipata habari ya kasha la biri akiwa amejilaza juu ya rundo la mashuka ya watu, katika chumba cha nyuma cha shemeji yake, dobi. Dalali mmoja wa nyumba alikuja kuchukua mashati yake, akasema mjane wa nyumba ya ghorofa ameachiwa na marehemu kasha la biri, zile sigara nene za wakubwa, na anatafuta mtu wa kuzionja kabla hajaziuza.

Dalali hajavuka kizingiti, Asali keshasimama.

Tuseme ukweli: Asali hajawahi kuvuta hata ile sigara nyembamba. Lakini lini kutojua kulimzuia? Mwezi uliopita alikuwa daktari wa ng'ombe, na hao ng'ombe hawakulalamika.

"Shemeji, niazime suti ile ya kijivu."

"Ya bwana harusi? Inachukuliwa leo jioni!"

"Mchana huu huu nitakuwa hapa."

"Dada yako ameapa ukituharibia mteja mwingine, godoro lako linatupwa nje. Na mimi nikiwa juu yake."

Asali alikuwa tayari anafunga vifungo vya kizibao. Hakuwa na pa kulala pengine, na alilijua hilo vizuri, ila alikuwa na imani kubwa na ulimi wake.

Mjane alikuwa mama mfupi, miwani imening'inia kifuani. Alimpokea sebuleni, akaivaa miwani, akamtazama juu hadi chini, kisha macho yakatua kwenye kifungo cha pili cha kizibao. Yalikaa hapo kitambo. Asali alidhani ni heshima.

"Karibu, bwana mtaalamu. Kasha hilo hapo."

Asali alichomoa biri moja, akainusa kutoka ncha hadi ncha, akaipeleka sikioni na kuiminya taratibu.

"Sikiliza, mama."

"Sisikii kitu."

"Ndilo tatizo lenyewe." Alitikisa kichwa kwa majonzi. "Pole sana. Hizi zimekufa."

"Kama marehemu?"

"Zimemfuata, mama. Zimeingia ukungu, sasa ni sumu tupu. Mimi nitazichukua nikaziteketeze, tena bure, kwa heshima yake."

Mnunuzi alikwisha kumpata kichwani: mwenye hoteli aliyeko karibu na stendi, mtu wa kupenda vitu vya gharama.

Mama alivuta kiti. "Mwanangu, biri haionjwi kwa masikio. Washa moja, roho yangu itulie."

"Lakini ni sumu..."

"Si wewe mtaalamu? Au hujazoea?"

Kiberiti kikawaka. Asali alivuta kwa kifua chote, akameza moshi kama mtu anayekunywa maji baada ya safari. Machozi yakamtoka.

"Unaonja nini?" mama aliuliza kwa upole.

"Mti... mti wa mwerezi."

"Na nini?"

"Ngozi."

"Ngozi ya nini?"

"Ya kiatu," alisema Asali, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli siku hiyo.

"Vuta tena, usije ukamsingizia marehemu. Yeye alikuwa anafika mpaka kwenye karatasi ile nyekundu inayoizunguka biri. Jivu hilo litaunguza suti yako nzuri, hebu lete koti."

Koti likaenda. Biri ilipofika nusu, dari ilianza kuzunguka na jasho likamlowesha mgongo. Mama akapokea kizibao, asije akakitapikia. Mara Asali akakimbilia bafuni, na yaliyomkuta humo tumwachie mwenyewe.

"Nipe na suruali, mwanangu, isije ikachafuka!"

Suruali ikapita mlangoni. Mtu anayekufa habishani.

Alipotoka alikuwa amejifunika pazia kuukuu la bafuni. Suti ilikuwa imetundikwa ukutani, imenyooka vizuri. Kasha lilikuwa mezani, limefungwa kamba.

"Moshi wa biri haumezwi," alisema mama. "Unazungushwa mdomoni, unatolewa. Miaka yote marehemu alivutia kwenye kiti hicho hicho. Na hicho kifungo cha kizibao nilikishona mimi, kwa uzi wa buluu, maana mweusi uliniishia. Mwambie dobi suti ya mwanangu nimeshaipokea, na ahsante kwa kuileta mpaka nyumbani."

Asali alilikaza pazia kiunoni.

"Chukua kasha lako," mama aliongeza. "Si ulisema utaliteketeza?"

Alilinyakua, akatoka mbio. Mtaa mzima ulimcheka, naye alicheka nao kimoyomoyo. Suti imefika kwa mwenyewe, godoro limepona, na kasha analo kwapani! Acha wamcheke na pazia lake.

Alifika kwa dobi akihema. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Suti iko wapi?"

"Nimeipeleka kwa mwenyewe, dada. Huduma mpya. Na tazama nilichoiletea familia!"

Alikata kamba. Ndani ya kasha, zimebanwa zikabanika, mlikuwa na soksi chafu za bwana harusi. Ikabidi Asali asimulie yote. Dobi alizinusa kutoka ncha hadi ncha, akaipeleka moja sikioni.

"Hii bado hai," alisema.

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akamkabidhi kaka yake sabuni na beseni.

"Godoro lako halitoki," alisema. "Ila soksi hizo zikauke leo leo. Na ukimaliza, anza na pazia."