Chui wa Kostarika kwa Mama Speciosa

Mazutu ya kuendeshea mashine ilipokosekana Rumonge na vinu vyote vya kusaga vikanyamaza, watu wenye akili timamu walinunua mchele. Modeste, kijana wa Uvira mwenye maneno matamu, alifungua simu akaona picha: jiwe la kusagia la watu wa kale wa Amerika ya Kati, lina miguu minne, mkia na kichwa cha chui. Mbio kwa mchonga misalaba ya makaburi, amchongee lingine kama hilo!

Chui alipokuwa tayari, alimfunga kwenye baiskeli akampeleka hadi Kizuka, kwa Mama Speciosa, muuza mawese mwenye tamaa maarufu.

"Amahoro, mama. Hii iko na miaka elfu. Wafalme wa Kostarika walisagia mahindi. Unipe mapipa mawili ya mawese tu."

Mapipa aliyahitaji kweli. Mzee Lameki alishasema: bila mapipa mawili, Chanceline binti yake haolewi na Modeste.

Speciosa alimpapasa chui mgongoni, macho yakamng'aa. "Iko nzuri. Lakini kwetu jiwe halinunuliwi kwa macho. Mwenye kuuza anasaga kwanza, tuone unga."

"Mama, hii ni ya musée, ya kutazamwa tu!"

"Kwani wafalme walikula picha?"

Modeste akapiga magoti, akaanza na mihogo mikavu. Mihogo ikaisha, yakaletwa mahindi, kisha ulezi. Mwanaume mzima, shati la pasi, anasaga uani! Jirani Anastasie alicheka mpaka akakaa chini. Kila Modeste alipotaka kuinuka, Speciosa aliyagonga mapipa kwa kidole, naye akainama tena. Tamaa jamani!

Jioni mama akaonja unga, akasikitika. "Pole, mwanangu. Iko na mchanga. Sinunui."

"Na unga huu wote?"

"Huo nitavumilia. Nina harusi kesho. Murakoze cane, asante sana!"

Modeste alirudi kwake na jiwe lake, akalala viganja vikiwaka moto, akimlaani chui na ukoo wake. Asubuhi, hodi! Mlangoni wanawake wamepanga foleni na makapu, Anastasie mbele.

"Tumekuja kujaribu jiwe. Pengine sisi tutanunua."

Alikuwa anafungua mdomo awatukane, akamwona mzee Lameki na gunia begani.

"Mukwe," mzee akasema, neno ambalo hajawahi kumwita nalo, "mapipa achana nayo. Mutoto nakupa. Wewe utasaga unga wa nyumba yangu."

Modeste akatazama malengelenge yake. Akamtazama Chanceline, amesimama nyuma ya baba yake akijizuia kucheka. Akavua shati.