Gololi Nyeusi ya Klabu ya Highbrook

Anayesema duniani hakuna cha bure hajawahi kukaa meza moja na Malek kwenye karamu ya harusi. Jumamosi hiyo ya Machi, mwaka wa tisini na sita, alikuwa Mississauga, huko ughaibuni, kwenye ukumbi wa kukodi, anamalizia sahani ya pili ya biriani. Watu wa bwana harusi walidhani ni wa bibi harusi, watu wa bibi harusi walidhani ni wa bwana harusi, na Malek, mtu asiyependa kumvunja mwenzake moyo, hakumsahihisha yeyote.

Kulia kwake alikaa Ghulamabbas, mzee wa miaka sitini, mwenye plaza nzima ya maduka kule Scarborough. Alikuwa akimlalamikia jirani yake wa upande wa pili.

"Miaka ishirini niko nchi hii, bhai. Nyumba ninayo, gari ninalo, theluji naikwangua kama wao. Lakini klabu sina. Natafuta klabu ya kulenga shabaha. Ujanani Tanga nilikuwa natungua kanga kwa bunduki ya baba. Hapa hata mlango wa kubisha siujui."

"Si uangalie kitabu cha simu? Wanachukua mtu yeyote."

Ghulamabbas akaweka kijiko chini.

"Klabu inayochukua mtu yeyote si klabu, ni stendi ya basi. Baba yangu, Mzee Hasham, aliomba kuingia klabu pale Tanga. Sharti mtu akupendekeze, mwingine akuunge mkono, jina libandikwe ubaoni wiki mbili watu walitazame, kisha kamati ipige kura. Alingoja miaka kumi na moja. Tulimzika jina halijabandikwa."

Mfupa wa mbuzi ukasimama hewani, nusu ya njia kuelekea mdomoni mwa Malek. Kuna watu wakisikia huzuni ya mwenzao hutokwa na machozi. Malek alitokwa na wazo.

Klabu ya namna hiyo aliijua. Kila Jumamosi asubuhi wakala wa vibarua alimpeleka Highbrook, klabu ya shabaha iliyojificha nyuma ya ghala la matairi huko huko Scarborough, akafagie na kupiga deki. Masharti yake aliyajua kwa sababu karatasi yake aliifuta vumbi kila wiki: dola sitini, somo la usalama jioni moja ya Alhamisi, kisha unapiga bunduki za klabu mbele ya msimamizi. Hawakumkataa mtu. Mwezi uliopita walimpokea bwana mmoja aliyeingia kuuliza njia ya kwenda kwa fundi wa breki.

"Samahani, bhai," Malek akasema kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya serikali. "Nimesikia bila kukusudia. Mimi niko Highbrook."

"Highbrook? Ndiyo nini?"

"Klabu ya shabaha. Kila Jumamosi niko pale. Ufunguo ninao mimi. Nisipofika, hapafunguliwi."

Kila neno lilikuwa kweli. Malek hakuwa mwongo wa kubahatisha. Uongo wake aliujengea msingi wa kweli, tena wa mawe.

"Wanachukua watu?" Ghulamabbas akauliza, akimgeukia mzima mzima.

"Ni pagumu. Lazima upendekezwe, uungwe mkono, jina likae ubaoni wiki mbili. Halafu kura ya gololi. Kila mjumbe anatumbukiza yake kwenye sanduku. Za bluu ni ndiyo. Nyeusi moja tu inatosha, umekwisha. Na aliyeitia haulizwi sababu."

"Haulizwi!" Ghulamabbas akanong'ona, macho yanang'aa. Kadiri mlango ulivyofungwa ndivyo alivyoupenda.

Malek alikataa pesa. Pesa kati ya ndugu, alisema, ni matusi. Alichoomba ni kitu kidogo: lile duka tupu pembeni ya plaza, mwaka mmoja bila kodi.

Hapa tumtendee haki. Katika maisha yake yote ya hila, hiki ndicho kitu pekee Malek alichokitaka kwa moyo safi. Tanga alikuwa mtumishi wa studio ya picha. Alijifunza kusafisha filamu, kupanga taa, kumwambia bibi harusi ainue kidevu. Tajiri wake alipohama alimwachia kamera, na kamera hiyo ililala kabatini kwenye ghorofa ya kumi na tisa, St. James Town, imefungwa kwenye shuka. Kila mgeni aliyeingia jiji hili alihitaji picha za karatasi zake. Malek alikuwa na umri wa miaka arobaini na mbili na hajawahi kuwa na mlango wenye jina lake. Alichoka kuishi kwa mdomo.

"Duka halina rangi, na sakafu imeinuka," Ghulamabbas akasema polepole. "Basi anza kulitengeneza. Siku nitakayopita, tunaandikiana."

Wakashikana mikono juu ya biriani.

Jumamosi iliyofuata, kabla hajashika fagio, Malek alibandika karatasi kwenye ubao wa klabu, kati ya tangazo la glavu iliyopotea na la bei ya kahawa. Ilipigwa taipu vizuri: G. Hasham anaombewa uanachama, amependekezwa na Malek, ameungwa mkono na Meja Elysée. Wanachama wa klabu waliipita tu. Mmoja aliandika chini yake kwa kalamu, "Kila la heri," na Malek akamweleza Ghulamabbas kuwa hiyo ni sahihi ya mwenyekiti.

Ghulamabbas alikuja kuitazama. Alisimama mbele ya ubao na kofia mkononi, akalisoma jina la baba yake, akalisoma tena. Akalifuata kwa kidole, herufi kwa herufi. Malek, aliyezoea kuona watu wakidanganyika kwa kelele, alijisikia vibaya kidogo, akaenda kumwaga maji ya deki.

Kwa wiki mbili alifanya kazi dukani kama punda wa dobi. Aliondoa sakafu ya zamani akatandika mpya, akapaka kuta rangi ya maziwa. Nyuma alitenga chumba cha giza cha kusafishia picha, na ndani yake akafunga sinki mbili pana zenye maji moto na baridi, alizoziokota kwenye hoteli iliyokuwa ikibomolewa na kuzibeba kwenye basi, sinki moja kila siku, abiria wakimkimbia.

Siku moja Wamaitha, Mkenya aliyekuwa akisuka nywele duka la pili kwenye chumba chembamba kama kabati, alichungulia.

"Woi, hii imekuwa poa! Na hizi sinki mbili ni za nini?"

"Za kuoshea picha, dada."

"Maji moto iko?"

"Ipo mpaka inachoma."

Wamaitha akafungua bomba, akaingiza mkono, akatikisa kichwa kwa kukubali, akarudi kwa wateja wake.

Meja Elysée hakuwa meja. Alikuwa fundi wa redio kutoka Uvira, anakaa ghorofa mbili chini ya Malek, na redio za watu zilijaa mpaka kwenye beseni lake la kuogea. Malek alimwahidi kona ya duka aweke meza yake.

"Lakini grand, mi sijashika fusil, bunduki yoyote, hata siku moja," Elysée alilalamika.

"Ndiyo maana utanyamaza. Wakubwa hawasemi, wanatazama tu."

Malek alinunua pakiti ya gololi kwenye duka la vitu vya watoto. Zilikuwa za bluu zote isipokuwa moja nyeusi. Naye, mtu wa tahadhari, aliichomoa ile nyeusi akampa Elysée. "Itie mfukoni, uisahau. Ikiingia sandukuni kwa bahati mbaya, nimepoteza duka."

Kura ilipigwa Jumamosi ya tatu, saa mbili asubuhi, klabu ikiwa tupu. Malek alivaa koti la bluu la mitumba, Elysée alivaa jingine lenye vifungo vya nanga, na sanduku lilikuwa kopo la majani ya chai lililotobolewa mfuniko. Ghulamabbas alingojeshwa nje kwenye baridi dakika kumi, kwa heshima ya utaratibu. Alipoitwa, kopo likamiminwa mezani: gololi mbili za bluu, na ya tatu ya katibu aliye safarini, naye alimwachia Malek amtilie.

"Bwana Hasham," Malek akatamka, "umepita."

Ghulamabbas alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona, akalia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyepokea barua iliyochelewa. Elysée naye akafuta jicho, umeja na yote.

Waliporudi kwenye basi, Malek alikuwa juu ya mawingu, na mtu aliye juu ya mawingu haoni anayemkanyaga.

"Ile kona," akasema, "nimepima tena. Haitoshi. Nitaweka benchi la wateja."

"Ulisema ni yangu, mon frère. Mi nilivaa hata manteau, lile koti."

"Utapata picha ya bure. Ya rangi."

Elysée akageukia dirishani, akaitazama Scarborough ikipita, akiwa na mkono mfukoni.

Jumatatu Malek alifika dukani na kamera ndani ya shuka lake na kibao alichokichora mwenyewe: Studio Malek. Alimkuta Ghulamabbas tayari, amevaa suti. Pembeni alisimama Wamaitha na Elysée. Mezani lilikuwa lile kopo la chai lenye tundu na pakiti ya gololi, Elysée kavileta.

"Karibu, Malek bhai," Ghulamabbas akasema. "Tuna kazi ndogo."

"Tunaandikiana?"

"Kwanza kura. Umenifundisha jambo kubwa. Nimepangisha watu miaka yote hii kiholela, kama stendi ya basi. Jina lako liko mlangoni wiki mbili sasa, hukuliona?"

Malek akageuka. Kwa ndani ya kioo, ikiwageukia wapita njia, ilibandikwa karatasi iliyopigwa taipu vizuri. Aliipita kila siku mikono imejaa rangi.

"Nimekupendekeza mimi. Bwana Elysée, nilimfuata mwenyewe jana, amekuunga mkono. Wamaitha ni mpangaji, ana kura. Toka nje kidogo, bhai. Utaratibu."

Malek alitoka akacheka peke yake kwenye baridi. Mzee amelewa klabu, alijiambia, mwache afurahi. Kura alizihesabu kwa vidole. Ghulamabbas alilia mbele yake. Wamaitha ni mtu wa kucheka naye. Elysée ni wake, alimvalisha yeye mwenyewe. Ila alipofika kwenye kidole cha tatu, kidole kilisita.

Akaitwa. Ghulamabbas akamimina kopo. Ya bluu ikabingirika, ya pili ya bluu ikaifuata. Ya tatu ilitoka polepole, ikasimama katikati ya meza. Nyeusi.

Katika ile pakiti, nyeusi ilikuwa moja tu. Malek akamtazama Elysée. Elysée alikuwa akiitazama dari, anasifu rangi.

"Elysée! Ni wewe!"

"Malek bhai," Ghulamabbas akasema kwa upole, "aliyeitia haulizwi sababu."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Malek alifungua mdomo, ule mdomo uliomlisha miaka arobaini, na kwa mara ya kwanza ukamwaga ukweli. Hasira ilikuwa imemjaa.

"Kura gani? Hakuna kura! Hakuna kamati! Mimi nafagia pale! Klabu ile inachukua kila mtu, dola sitini tu! Nilikudanganya, mzee!"

"Najua." Ghulamabbas akatoa kadi mfukoni, akaiweka kando ya gololi. Kadi ya Highbrook, na tarehe yake ilikuwa Alhamisi ya kwanza baada ya harusi. "Usiku ule ule Shireen, mke wangu, alifungua kitabu cha simu. Nilipopiga, mama mmoja pale klabu akanijibu, njoo tu. Nikaenda. Nimeshapiga shabaha mara tatu. Bega linauma, lakini jicho bado lipo."

"Ulikuwa mwanachama? Na ukangoja nje kwenye baridi? Na ukalia?"

"Nililia kweli." Mzee akaigeuza kadi mezani. "Nilijua ni uongo, nikalia. Jina la Hasham lilikaa ubaoni wiki mbili, watu wakalipita, mmoja akaliombea heri. Hilo kitabu cha simu hakina. Wewe tu ndiye ungenipa, na nakushukuru kwa moyo wangu wote. Ningekupa duka, Malek. Wallahi ningekupa, uongo wako na yote. Mimi nilitia ya bluu."

"Na mimi pia," Wamaitha akasema. "Sikuwa na ingine."

Hilo ndilo lililomchoma. Duka lilikuwa lake. Lilikuwa lake mpaka kwenye lile basi, mpaka kwenye ile kona.

"Basi jina linalofuata mlangoni ni la nani?" akauliza, akijua.

Wamaitha alishafika kwenye chumba cha nyuma. Maji yakasikika yakimwagika kwenye sinki ya kwanza, halafu ya pili. "Hapa naosha wateja wawili mara moja!" akapaza sauti. "Elysée, leta hiyo meza yako, kona iko tu!"

Elysée akapita na redio mbili kwapani, bila kumtazama mtu.

Malek akakunja shuka la kamera. Ghulamabbas akaokota gololi nyeusi, akamtia kiganjani.

"Hii ni yako, bhai. Wewe ndiye uliyeinunua. Na klabu njoo Alhamisi, saa moja jioni. Hawamkatai mtu."

"Kaka Malek!" Wamaitha akaita kutoka ndani. "Hapa juu ya sinki umeruka kidogo, rangi haijafika."

Malek alikuwa ameshafika mlangoni. Angeweza kwenda, na basi lilikuwa linakuja. Lakini kazi ile ilikuwa yake, ya kwanza maishani aliyoifanya bila hila, na sehemu ile haikuwa na rangi kweli. Akaweka kamera chini, akauliza brashi iko wapi.