Wageni Wangu Wawili Kutoka Milimani

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeamua. Kuanzia leo mimi ni mwongoza wageni. Shemeji yangu Karmelo, mume wa dada Nekane, huu mwaka wa tatu anatembeza watu mjini na mwavuli wake wa njano. Sasa hata wauza samaki wanamwita profesa. Karmelo kazaliwa Tolosa, bara kabisa. Mimi kitovu changu kimezikwa hapahapa Donostia, hatua mia mbili kutoka baharini.

Nekane kanionya. Kasema, "Balendin kaka yangu, ulianza na nyuki, ukaja na baiskeli. Hili likiharibika, mimi sina kaka mjini." Nimemjibu kwamba nyuki walikuwa suala la upepo.

Saa tano nimepata wageni wawili kituo cha basi. Mzee Eleuterio na mkewe Bi Visitación, wa kijiji cha milimani kule Teruel. Bibi ana miaka sabini na mmoja na hajawahi kuona bahari. Mumewe alimwahidi siku ya harusi, na kila mwaka pakatokea sababu. Sasa macho yanafifia, daktari kamwambia asichelewe. Nikawaambia wamepata mwenyeji halisi.

Jumanne, 6 Agosti

Chakula cha mchana ufukweni. Nimeandaa kitambaa cheupe, kimanda cha viazi, mvinyo wa tufaha. Nilipata sehemu pana kabisa karibu na maji, mchanga laini, hakuna mtu. Nikashangaa wenyeji wengine wamejibana ukutani kama dagaa. Nikaona ni bahati yangu.

Karmelo akapita juu barabarani na watu wake kumi na wanne. Akainama kwenye kizuizi, akaniita. "Shemeji, leo bamvua. Maji yanajaa, hamisha watu wako." Wivu. Nikampa mgongo.

Kimanda kiliondoka kwanza. Kisha kitambaa. Nikakimbilia chupa, nikaanguka, suruali yangu nzuri sasa ina chumvi hadi kiunoni. Watu wa Karmelo walipiga picha.

Bi Visitación hakukimbia. Alisimama maji yakimfika magotini, viatu mkononi, anatazama mbele. Mumewe akamwambia watoke. Akajibu, "Niache kidogo, Eleuterio. Nimekusubiri miaka arobaini na minane, na wewe nisubiri." Mzee akavua viatu, akaingia naye.

Nilikuwa na hotuba juu ya malkia aliyekuwa akija kuoga hapa. Sikupata nafasi ya kuitoa.

Jumatano, 7 Agosti

Leo utamaduni. Nimewapeleka kwenye vile vyuma vikubwa vilivyopachikwa miambani, mwisho wa ufuo. Sijawahi kuuliza ni vya nini. Nikawaeleza kwamba ni nanga za meli za kuvua nyangumi, zilipindwa na dhoruba.

Mzee Eleuterio akakitazama cha karibu kwa muda mrefu. Akaniuliza kwa adabu dhoruba gani hiyo inayopinda chuma bila kukipasua. Kumbe alikuwa mhunzi kwa miaka arobaini. Akaanza kumweleza mkewe jinsi chuma kinavyopashwa moto hadi kiwe chekundu, jinsi kinavyokataa, jinsi mtu anavyokibembeleza. Akamchorea mkunjo wake kiganjani kwa kidole, maana kwa mbali bibi haoni vizuri. Watu wakakusanyika. Nikageuka, nikaona mwavuli wa njano. Karmelo na kundi lake lote walikuwa wanamsikiliza mgeni wangu.

Nikatangaza kwamba mzee ni wa kwangu. Bahari ikafoka kutoka chini kupitia tundu kwenye sakafu ya mawe, nami nilikuwa nimesimama juu yake. Suruali ya pili.

Alhamisi, 8 Agosti

Sasa chakula cha kweli. Nimewaahidi mlo ndani ya chama chetu cha wapishi, mji wa kale, mahali ambapo mgeni haingii ila kwa mkono wa mwanachama. Mimi ni mwanachama. Nimesimamishwa tangu Mei kwa sababu ya moshi, lakini kusimamishwa si kufukuzwa.

Nimekula mchana kwa Nekane. Ufunguo wa chama wa Karmelo, naye mwanachama, huning'inia mlangoni. Haupo tena.

Ijumaa, 9 Agosti

Tuliingia saa sita. Nikapika samaki wa chumvi kwa kitunguu saumu na mafuta. Kazi yote ni kutikisa sufuria mpaka mafuta yashikane yawe mchuzi mzito. Nilitikisa nusu saa. Mafuta yakabaki mafuta. Nikawaambia ndivyo tunavyokula siku hizi.

Bi Visitación akanyanyuka. Akasema, "Lete hapa, mwanangu, utamwua mara ya pili." Nikamkumbusha kwamba wanawake wanakaribishwa kula ila jikoni hawagusi. Akaniuliza nani anatuona. Akapunguza moto, akaizungusha sufuria polepole, sikio limeinamia sauti ya mafuta. Mchuzi ukashikana.

Hapo ndipo walipoingia. Mwenyekiti Hilario, wanachama sita, na Karmelo aliyekuwa anatafuta ufunguo wake. Hilario akatazama kibao cha sheria ukutani, akamtazama bibi, akachovya mkate. Akatafuna. Akachovya tena.

Wakapiga kura palepale. Bibi aje kesho awapikie wanachama wote, jiko ni lake. Balendin akae nje hadi Krismasi.

Nimeomba iandikwe kwamba bibi ni ugunduzi wangu. Haikuandikwa.

Jumamosi, 10 Agosti

Wamekula watu arobaini. Mimi nimekula kizingitini, sahani nimeletewa na Nekane. Akakaa nami kidogo. Akasema bibi anacheka huko ndani kama msichana, na mzee anaonyesha watu wote picha waliyopigwa baharini na watu wa Karmelo. Kisha akasema, "Wewe ungekuwa unaomba kabla ya kuiba, ungekuwa mtu mkubwa mji huu." Mchuzi ulikuwa mtamu sana.

Jumapili, 11 Agosti

Nimewasindikiza kituoni. Karmelo naye alikuja, na mwavuli wake. Bi Visitación akanishika mashavu, akausogeza uso wangu hadi karibu kabisa na macho yake. Akasema, "Nilitaka nikuone vizuri. Wewe ni mwongo, mwanangu, lakini mwongo mwenye baraka." Mzee akanipa mkono mzito. Nilisimama hadi basi likapotea.

Maneno ya bibi nimeyaandika kwenye tangazo langu jipya, kama ushuhuda wa mteja. Nimebakiza "mwenye baraka."

Tangazo ni la mashindano ya makasia ya mwezi ujao. Nitawapeleka wageni wakayaone kutoka majini, karibu kuliko Karmelo anavyoweza kuwafikisha. Mashua nimeipata, nahodha ni mimi, na wanane wameshajiandikisha. Mmoja ameuliza kama nahodha anajua kuogelea. Nimemjibu kwamba nahodha mzuri hahitaji.