Mkanda wa Njeri na Kiuno Changu

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na aliyenivua ni tumbo langu mwenyewe. Naandika nikiwa nimejifungia chooni. Mke wangu yuko sebuleni na jirani, na kila wakitulia kidogo, mmoja anaanza kucheka upya.

Nianze mwanzo. Mimi ni fundi wa makochi hapa mtaa wa Tena. Nusu ya kazi ni kukalia nilichotengeneza (lazima nihakikishe springi ziko sawa!). Miaka kumi na mbili ya kuhakikisha imenipa kitambi ambacho, nikiinama kupiga misumari, mimi na kochi tunakuwa tumekumbatiana.

Wiki sita zilizopita mke wangu Njeri akaniandikisha kwa mazoezi ya Jumamosi asubuhi, uwanjani nyuma ya kanisa. Kocha wetu, Owino, ana tepu ya kushonea nguo na hupima kila kiuno huku watu wote wakisikia. Chakula changu kikawa malenge ya kuchemsha na mayai mawili. Wiki ya kwanza nikatoka inchi arobaini na tatu hadi arobaini na moja. Njeri akawatangazia kina mama wote wa kanisa.

Sasa, kando ya karakana yangu kuna mama anayepika chapati na maharagwe ya madondo. Sisemi zaidi. (Tatu. Kila siku. Na supu ya kuongezewa.) Kufikia wiki ya nne tumbo lilikuwa limerudi, tena na wageni.

Ningemwambia nini Njeri, anayeamka alfajiri kunichemshia malenge? Ndipo nikauona kwenye kamba ya nguo: ule mkanda wake wa kubana tumbo, wa kina mama wakishajifungua. Alikuwa ameufua ampelekee mdogo wake mjamzito. Mpana, vyuma ndani, vishikizo safu mbili. Nikauficha kwenye begi la nyundo. Jumamosi nikauvaa ndani ya tisheti. Inchi thelathini na nane! Pumzi nilikuwa navuta kwa awamu, lakini makofi nilipigiwa.

Njeri akautafuta mkanda. Akaniuliza. Nikasema sijui. (Mungu anisamehe.) Kamba ile tunaitumia pamoja na jirani yetu Mama Halima, mwenyeji wa Mombasa, kwa hivyo Njeri akaamua ni yeye. Akamwambia pale pale kwenye ngazi, majirani wakisikia.

"Mimi, Njeri?" Mama Halima akasema. "Mkanda wako wanifaa nini mimi?"

Wiki mbili hawakusalimiana. Wiki mbili hakuna hamri hata moja ya Mama Halima iliyovuka mlango wetu. Na mimi kimya, natafuna malenge.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, ya kumtangaza bingwa. Njeri akaja na simu kunirekodi, awatumie watu wa kwao. Mama Halima naye alikuwepo kufanya mazoezi, buibui na raba nyeupe, amesimama upande wa pili kabisa wa uwanja. Kocha akanizungushia tepu.

"Thelathini na saba! Baba Ciku ndiye bingwa wetu!"

Vigelegele. Hapo ningeketi, mambo yaishe. Lakini kocha akasema, "Bingwa, hebu tuongoze kuruka. Ishirini tu."

"Kocha, hili goti langu..."

"Ruka, Baba Ciku!" Njeri akapaza sauti, simu juu.

Nikaruka. Moja. Mbili. Ya tano nikasikia pa! Kishikizo. Watu wakageuka kuangalia kimelia nini. Ya sita: pa! pa! Nikakaza tumbo (kukaza nini sasa?). Ya nane vikaachia vyote mfululizo kama bisi kwenye sufuria. Tumbo likatoka, tisheti ikapanda, mkanda ukateleza ndani ya kaptula, ukashukia mguu wa kushoto, ukatua kwenye nyasi. Rangi ya waridi. Una maua.

Mama Halima akaja polepole. Akauokota kwa vidole viwili, akaukung'uta.

"Njeri mwenzangu," akasema, "kumbe mwizi wako walala naye kitanda kimoja."

Njeri akaniangalia mimi. Akauangalia mkanda. Nilijitayarisha kwa kofi. Badala yake akampita kocha, akanipita mimi, akamshika Mama Halima mikono.

"Nilikukosea mbele ya watu," akasema. "Nakuomba msamaha mbele ya watu."

"Yamekwisha, mwenzangu."

Kisha wote wawili wakalitazama tumbo langu. Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Hapo ndipo aibu ilinishika kweli, na haikuwa ya kitambi. Wiki mbili niliwaona wakipishana kwenye ngazi bila salamu, na neno langu moja lingetosha. Nikawaomba msamaha, mikono miwili ikivuta tisheti chini.

"Nimekusamehe, Baba Ciku," Mama Halima akasema. "Lakini mkanda utaufua wewe. Kwa mkono."

Kocha (mtu asiye na huruma hata kidogo) akanipima tena. Arobaini na nne! Yaani mazoezi ya wiki sita yameniongezea inchi.

Video imeshafika kwao. Mama mkwe ametuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu, na sijasikia neno hata moja, ni kicheko tu.

Tafadhalini, mtu asicheke. Mkicheka na mimi nitacheka, na nikicheka mbavu zinauma pale vyuma viliponichoma.