Daktari Aliyemsikiliza Mama Yangu

Oruro, Jumatatu asubuhi

Kwa Kamati ya Maadili ya Hospitali,

Waheshimiwa,

Kwa heshima zote, mimi Hilarión Colque Ticona, katibu wa chama cha wauza viazi na mtoto wa pili wa Doña Nicolasa Ticona, muuza uji wa api sokoni, nawaletea malalamiko dhidi ya Daktari Ximena Arze. Kosa lake ni hili: alimuuliza mama yangu anataka nini, akajibiwa, akakubali.

Figo za mama zimechoka. Daktari mwenyewe alisema asiposafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, hatamaliza mwaka. Mama akamjibu, "Asante binti yangu, lakini hapana. Nimeacha sufuria jikoni." Sasa oneni tulivyotendewa.

1. Jambo lilikuwa limeshaamuliwa. Jumapili moja miezi michache iliyopita tuliitisha mkutano wa familia, akidi ikatimia, mikono ikahesabiwa. Mashine ilipata kura kumi na moja, mama kura moja, yake. Niliandika kumbukumbu, wote wakaweka dole gumba, nikagonga mhuri. Daktari alisoma akaniambia, "Don Hilarión, mwandiko wako mzuri, ila hizi figo ni za nani?" Nikamwambia za familia. Akacheka, mbele ya wauguzi.

2. Alimweleza mama ukweli wote kwa Kikechua, polepole, mara tatu. Sisi tulikuwa tumekubaliana kumwambia ana baridi ya mgongo tu, inayotibiwa kwa mashine. Ukimweleza mtu ugonjwa wake kwa lugha yake, lazima atakuwa na maoni.

3. Alimpa karatasi ya kukataa tiba, mama akasaini. Mtu ambaye kwa miaka sabini na sita hakusaini kitu bila sisi, sasa ameonja utamu wake. Tangu hapo amekataa koti nililomnunulia, amekataa kuhamia kwangu, na juzi amemkataa mchumba wa mjukuu wake. Ugonjwa unaenea, waheshimiwa.

4. Ana furaha, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Kila asubuhi anakoroga api yake huku akiwatania wateja: "Kunywa haraka wewe, kikombe nakitaka kabla sijafa!" Soko zima linacheka. Mimi peke yangu nalia nyuma ya magunia, na kwa cheo changu haipendezi.

5. Daktari hajamtelekeza ili apate adabu. Kila Alhamisi anakuja na dawa za maumivu, anamkanda miguu iliyovimba, wanapiga soga. Kama aliyekataa tiba anatunzwa hivi, nani tena atakubali tiba?

Kwa hiyo naomba, kwanza, daktari huyu apewe onyo kali. Pili, mgonjwa akikubali tiba ahesabiwe ana akili timamu, na akikataa ahesabiwe hajaelewa, aelezwe upya hadi akubali. Tatu, katika mikutano ya ugonjwa wake mgonjwa awe msikilizaji tu, bila kura. Nne, mtu mwenye watoto zaidi ya wanne, figo, ini na moyo wake viandikishwe kwa jina la ukoo.

Nisalimieni wauguzi wote, mlinzi wa getini, na yule mama wa usafi aliyeniazima kitambaa cha kujifutia macho. Nasaini nikiwa na uchungu na imani kwenu,

Hilarión Colque Ticona, Katibu

Nyongeza: Nilimsomea mama barua hii ili aweke dole gumba kama shahidi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na baba yako mlimpigia kura ngapi?" Kumi kwa mbili, waheshimiwa. Baba alitaka kurudi nyumbani, sisi tukashinda. Alikaa siku hamsini na tatu kwenye kitanda cha hospitali hadi akafariki, mikono imefungwa kwa bandeji asije akaing'oa mirija, kila nikiingia ananiomba nimfungue. Mkono wa kwanza kuinuka katika kura ile ulikuwa wangu. Tafadhali ichaneni barua hii kabla daktari hajaiona.