Mamba wa Mashine ya Kukoboa

Jumatatu, 3 Juni

Kuanzia leo, mtu akiumia kazini hapa Kibiti, kupona kwake kunapitia vidole vyangu viwili. Nasra, mtoto wa dada yangu, ndiye muuguzi mkuu wa zahanati, na amenikabidhi kompyuta. Mfuko wa fidia za wafanyakazi haupokei tena makaratasi. Anayemtibu majeruhi anatuma ankara kwa mtandao, basi. Nasra ana foleni ya chanjo, akauliza nani anaweza kuchapa. Nikasimama. Darasa la sita mwandiko wangu ulikuwa unaonyeshwa wageni. Akasema mjomba, ni kunakili tu, usiongeze kitu. Nikamwambia aende akachome sindano zake.

Kazi ya kwanza: Kheri. Yuko kwenye mashine ya kukoboa mpunga, Ikwiriri. Mkanda ulimsaga kidole cha shahada, sasa kimepinda kama ndoana. Anasema kwenye tahiyatu akikinyoosha kinamwonyesha jirani. Hospitali ya Dar imempa nafasi ya kukinyoosha Jumanne ijayo. Lakini mpaka mfuko uikubali ankara yetu, ndipo utoe kibali. Wasipokubali, nafasi anapewa mwingine na kidole kinagandia hivyo hivyo.

Yaani kidole cha Kheri ni mimi.

Jumanne, 4 Juni

Nimejaza. Jina, umri, dawa, bandeji. Halafu pakaja mahali pa chanzo cha jeraha. Nasra kaandika "mkanda wa mashine". Maneno matatu tu! Nikajiuliza, bwana mkubwa wa mfuko yuko Dar, ana kikombe cha chai mkononi, atashtuka kwa mkanda? Mkanda hata yeye anao kiunoni.

Mimi nina kovu la mamba mguuni. Nililipata mtoni kule Chumbi, siku niliyomnyang'anya mamba mguu wangu mwenyewe. Miaka ishirini na tano sasa nanunuliwa chai kwa kovu hili. Najua kinachogusa watu.

Nikamhurumia Kheri. Nikaandika mamba, mita nne. Nikatuma.

Jumatano, 5 Juni

Imerudi, ina maandishi mekundu. Wanasema kuumwa na mamba mtoni si ajali ya kazini. Mtoni wamepatoa wapi? Sikuandika mto. Kumbe wanataka maelezo. Nimewapa: mamba aliingia ndani ya mashine kwa kufuata harufu ya pumba. Nikatuma tena.

Mwantumu, mke wa Kheri, amekuja kuulizia. Kaleta mkate wa kumimina. Nikamwambia ankara iko kwa wakubwa, inajadiliwa. Akasema mjomba Abdulazizi, siku zinakwenda. Nikamwambia atulie. Mkate mtamu, iliki ya kutosha.

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbaya. Mfuko umezuia ankara na kumtuma mkaguzi. Binti mmoja, Salama, mpole, ana tepu ya kupimia. Kaanzia Ikwiriri, kapima mlango wa mashine. Mwenye mashine kaapa mamba hajamwona, ila tangu jana wateja wanauliza maswali.

Akaja zahanati. Akamkuta Kheri kaja kubadilishwa bandeji, akamuuliza kama mamba alikuwepo. Kheri, mtu muungwana, akanitazama kwanza. Akasema labda alikuwepo, yeye wakati huo alikuwa anaangalia kidole.

Nikaona niiokoe hali. Nikapandisha suruali, nikamwonyesha Salama kovu langu, ajue anaongea na mjuzi wa mamba. Nasra akainama kulitazama. Akasema mjomba, hapa pana alama saba, zimeachana sawasawa kama zimepigiwa rula. Mamba gani huyu, fundi seremala? Kheri akacheka mpaka akashika bandeji.

Nasra akakaa kwenye kiti changu. Akachapa maneno yake matatu. Akaniagiza nimtake radhi Kheri. Nikamtaka. Kheri akasema hana neno, ila Mwantumu anaomba mkate wake.

Jumatatu, 10 Juni

Kibali kimetoka saa tatu asubuhi. Kheri na Mwantumu wamepanda basi la Dar. Alinipungia kwa kidole kile kile. Sijui alikuwa ananiaga mimi au muuza karanga upande wa pili.

Mimi nimehamishiwa getini. Nafasi nyeti, kila mgonjwa anapita kwangu.

Mchana kaletwa Seleman kutoka Nyamisati. Alikuwa anapakia boriti za mikoko, moja ikamwangukia unyayoni. Nasra akachapa "boriti". Neno moja! Nikamwita dirishani, nikamshauri aweke walau kiboko, hata mdogo. Akafunga dirisha.

Kuhusu kovu, naandika humu kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Ni meno ya gia ya baiskeli. Na baiskeli yenyewe haikuwa inakwenda. Ilikuwa imepinduliwa uani kwa mama, naisafisha.